Maji Hayajachaguliwa

Rafiki yangu, wewe nakuamini, kwa hiyo naanza na aibu kabla sijafika kwa samaki. Kwenye nyumba yetu ya Korogwe tulikula mawe miaka miwili na hakuna aliyesema. Si mawe makubwa. Ni vile vijiwe vya kwenye mchele, vinavyosema "kko" mdomoni, halafu wote mliokaa mkekani mnajifanya hamjasikia.

Kwetu anayechagua mchele ni mama mkwe. Nimeolewa nimeikuta kazi hiyo ni yake, na hajawahi kumwachia mtu. Akishaswali alasiri anakaa kibarazani, ungo mapajani, anapepeta, anachagua, na ukipita karibu anakuonyesha kijiwe kwenye ncha ya kidole kama askari aliyekamata mwizi. Yeye ni mtu wa milimani, kijiji cha Kwashemshi. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Utani kati yetu hauna likizo. Aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba wali wa Handeni hauliwi mpaka uwe na meno ya akiba.

Basi macho yake yakaingia mtoto wa jicho, yote mawili, taratibu, mpaka akawa anatuona kama watu waliosimama ndani ya mvuke wa sufuria. Ungo hakuuacha. Akawa anachagua kwa vidole. Hapo ndipo tulipoanza kula mawe.

Nani angemwambia? Mume wangu alivunjika kipande cha jino siku ya Ijumaa, akakimeza pamoja na tonge, akasema alhamdulillahi, leo wali umekubali. Mama akauliza, "Mawe hamna?" Tukajibu kwa sauti moja, hamna, mama. Mimi sala tano hazinipiti, lakini kwenye hilo nilikuwa nadanganya mara mbili kwa siku, mchana na jioni, na nilikuwa naliita heshima.

Asiyeona siyo kwamba hasikii. Ile "kko" alikuwa anaisikia kuliko sisi tunaoitafuna. Alinyamaza tu, ila akaacha kutuamini. Ukimwambia shuka ni safi, anainusa. Ukimwambia mlangoni ni jirani, anasubiri jirani aseme mwenyewe. Daktari wa macho alipotueleza kwamba mtoto wa jicho anatolewa na kazi yenyewe ni fupi, mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hata wali wa nyumbani kwake unasifiwa hivyo hivyo.

Aliyempata ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi umeme kule Dar. Huyo ana maneno. Alikuja Idi, akakaa miguuni kwa mama yake, na hakumuuliza kama atapasuliwa. Alimuuliza, jicho likishafunguka, anataka aone nini.

 Mama akasema alipokuwa bibi harusi, mume wake akiwa kazi ya reli, waliishi Tanga mwaka mmoja. Bahari ikitoka, maji yakirudi nyuma, alikuwa anatembea kwenye miamba na wanawake wenzake, na kwenye mashimo ya mawe kulikuwa na visamaki vya rangi ya chungwa, vina mikanda myeupe. Na maji yake, akasema, yalikuwa kama hayapo. Unaweka mkono ndio unajua kumbe kuna maji.

"Nitapasuliwa moja," akasema. "Nikirudi nikaona yale maji kama hayapo, nakwenda na la pili. Nikiona ukungu, mmenipasua bure, na hili lingine asiniguse mtu."

Shemeji akamwambia sawa, nitakuletea bahari hapa Korogwe. Mimi nikaenda kuosha vyombo. Nilidhani ni maneno yake yale yale.

Wiki moja kabla ya siku ya kupasuliwa, gari dogo la mizigo likasimama mlangoni. Shemeji akashuka na tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, pampu, mchanga mweupe kwenye kiroba, mawe ya bahari aliyonunua kwa muuza samaki wa urembo Dar, kipande kimoja cha tumbawe hai kilichofanana na uyoga, na madumu tisa ya maji ya bahari aliyopitia Tanga. Samaki walikuwa wawili, kila mmoja kwenye mfuko wa nailoni uliotunishwa kwa hewa. Rangi ya chungwa, mikanda myeupe. Nikasema subhanallah.

Nilimuuliza kitu kimoja tu. "Shemeji, huu mchanga hauoshwi?"

"Umeshaoshwa huo, shem. Muuzaji kaniambia."

Mimi ni mtu ambaye naosha mchele hata kama umeandikwa kwenye mfuko kwamba umeoshwa. Lakini yeye ndiye fundi. Akamwaga kiroba, akamwaga madumu sita, matatu akayaacha jikoni kama akiba, akachomeka pampu. Tangi likawa uji. Huwezi kuona jiwe, huwezi kuona kitu. Akaniambia itatulia. Muuzaji alimshauri pia asiharakishe kuweka samaki, asubiri maji yazoee, lakini yeye alikuwa na safari. Kesho yake akawatia samaki, akaniandikia kwenye karatasi mambo ya kufanya, akaondoka Dar.

Mama aliposikia kwamba nabaki mimi na tangi, na mume wangu ndiye atakayempeleka Tanga hospitali, aligeuza uso upande wa sauti yangu. "Maji mnamwachia Mzigua? Kwao maji wanayasikia kwenye hotuba."

Tulicheka wote. Ila kale kautani kalinichoma kidogo, maana ni kweli, na si kweli. Handeni shida ya maji ipo, lakini ndiyo maana sisi tunayajua. Mtu wa mtoni anachota, anakunywa, basi. Mimi nimekulia kwenye maji ya lambo yenye rangi ya chai ya maziwa, na maji ya kisima magumu ambayo sabuni haitoi povu hata uombe dua. Najua kutuliza, najua kuchuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, najua kuweka shabu ili tope lishuke. Nikajiambia, mama mkwe, wewe rudi tu.

Jicho likapasuliwa salama. Wakabaki Tanga kwa wifi yangu siku kumi, kwa ajili ya dawa za matone na kumrudisha kwa daktari aangaliwe. Nilimpigia simu, akasema anaona. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Akanikatisha. Akasema kwa binti yake kila kitu ni kipya, hajui kilikuwaje mwanzo, kwa hiyo hawezi kulinganisha. Na baharini daktari kamkataza, upepo na mchanga vitamwingia jichoni. Atajua akifika kwake, mbele ya yale maji. Lile sharti lilikuwa bado liko pale pale.

Sasa ule uji wa mwanzo ulipotulia, siku ya tatu, nikaanza kuona chembe. Nyeupe, ndogo, zinaelea, zinazunguka na maji wala hazitui. Ukiangalia kwa mbali unaona moshi. Ukisogea karibu unaona ni kama mtu kapuliza unga. Asubuhi zipo, mchana jua likipiga dirishani ndio balaa, zinang'aa zote.

Nilichuja na chujio la chai. Nilichuja na kanga. Ninachochuja kinarudi. Ikabidi nifikirie kama mtu wa kwetu. Haya maji yana chumvi, nikajiambia. Yana weupe usiotaka kutoka. Haya ni maji magumu. Na maji magumu mama yangu mzazi alikuwa na dawa yake moja: magadi. Unayeyusha kipande kidogo kwenye kikombe, unamimina kwenye ndoo nzima ya maji, weupe wote unajitoa wenyewe, unashuka chini, kesho yake unachota maji ya juu, sabuni inatoa povu mpaka unacheka. Nimeifanya kazi hiyo tangu nina miaka saba. Sikuwa na shaka hata ya tone.

Nikasoma bismillahi, nikamimina nusu kikombe.

Rafiki, mimi theluji naiona kwenye televisheni, lakini siku hiyo niliiona kwa macho sebuleni Korogwe. Pale magadi yalipogusa maji, pakawa peupe, halafu weupe ukajigawa vipande vipande, ukaanza kushuka taratibu, na pampu ikaudaka ukiwa njiani ikausambaza tangi zima. Zile chembe za mwanzo zilikuwa mamia. Hizi sasa hazina idadi. Samaki mmoja aliingia kwenye tundu la jiwe kwa kurudi nyuma, macho yakinitazama, kama mtu anayefunga mlango pole pole mbele ya mwenda wazimu. Mwenzake akamfuata. Lile tumbawe likajikunja likawa kama ngumi.

Nilikaa chini, kwenye sakafu. Nililia kidogo. Sikuwalilia samaki. Nililia kwa sababu nilimwona mama amesimama pale na miwani yake myeusi ya hospitali mkononi, anasema mmenipasua bure.

Siku hiyo nilikuwa na darasa. Mimi niliishia la saba, nikarudi shule nikiwa na miaka arobaini na mbili, masomo ya jioni, kwenye chumba cha shule ya msingi ambako madawati ni ya watoto na magoti yangu hayana pa kwenda. Mwalimu wetu wa sayansi ni binti, ningeweza kumzaa. Ananipa shikamoo kwanza, ndio ananigombeza. Nilikwenda na chupa ya jemu iliyojaa maji ya kwenye tangi, nimeifunga vizuri kwenye mkoba pamoja na madaftari.

Aliishika akaielekeza dirishani. "Mama, humu umeweka nini?"

"Maji ya bahari, mwalimu, ya samaki wetu."

"Na nini tena?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha nini?"

"Magadi."

Akaiweka chupa mezani, akakaa na yeye juu ya meza. "Mama, umetengeneza chaki."

Darasa zima likaangua kicheko. Kuna mwanafunzi mwenzetu dereva wa bodaboda, anakaa dawati la nyuma, akasema mwalimu mruhusu aendelee, hapa shuleni chaki zimeisha tangu juzi. Nikamwambia nyamaza wewe, hata mtihani wa kuyeyusha ulipata sifuri. Akasema sifuri yake haijaua samaki.

Mwalimu akatuliza watu, akageuza mkasa wangu kuwa somo. Akaeleza kwamba maji magumu ya Handeni yana chokaa ndani yake, imeyeyuka, huioni, na magadi yanaitoa nje. Ukiitaka itoke, unafanya vizuri. Na maji ya bahari nayo yana chokaa hiyo hiyo, nyingi, lakini ya bahari ina wenyewe. Lile tumbawe na vidudu vya kwenye mawe wanaitumia kujijengea. "Umekwenda kwa watu wanaojenga," akasema, "ukawamwagia saruji barabarani." Nimeandika kwenye daftari, lipo mpaka leo, na hilo swali sitalikosa.

Baada ya darasa alinibakiza. Nikamweleza habari ya jicho, na sharti la mama, na kwamba zimebaki siku nne. Hakucheka tena. Akaniambia kuanzia sasa usiongeze kitu chochote, wewe toa tu. Nitoe nusu ya maji kwa mpira, nikinyonya kutoka chini ambako ile chaki inakaa, nirudishie yale ya akiba. Halafu nichukue glasi tatu, nijaze maji ya kwenye tangi, niziweke dirishani, nisizitikise, niangalie kila chembe inafanya nini. Kabla hujazitoa, akasema, zijue kwanza ni akina nani.

Nikafanya hivyo. Kunyonya mpira wenye maji ya bahari na magadi ni adhabu tosha, sitaki kusema zaidi. Nilitoa madumu matatu nikarudishia matatu, polepole, na samaki wakachungulia mara moja wakarudi ndani. Wazima, alhamdulillahi. Kisha nikaketi mbele ya glasi zangu kama mtu anayesubiri chai ipoe.

Kumbe sikuwa na ugonjwa mmoja, nilikuwa na mitatu. Kuna chembe zilizopanda juu zikapotea. Hizo zilikuwa mapovu, si uchafu kabisa. Maji ya tangi yalikuwa yamepungua kwa kukauka, pampu ikawa inavuta hewa na kuisaga. Kuna zilizoshuka chini zikatulia, vumbi la mchanga usiooshwa na mabaki ya chaki yangu. Na kuna zilizobaki katikati, zimelowa, zina rangi ya kahawia. Nilizigusa kwa kidole nikanusa. Chakula cha samaki.

Hilo la mwisho lilikuwa langu peke yangu. Karatasi ya shemeji ilisema punje chache mara moja kwa siku. Mimi nilikuwa nawapa kiganja kizima, asubuhi, mchana na jioni. Kwangu mgeni haulizwi kama ameshiba. Nilipompigia simu shemeji nikamwambia, alicheka mpaka nikamsikia anaweka chini vyombo vyake vya kazi.

"Shem, tumbo la hao ni kama harage. Wewe unawapikia shughuli."

Nikamkumbusha nani alisema mchanga umeoshwa. Akaacha kucheka.

Habari ya maji yaliyopungua ilinitatiza. Nilitaka niongeze maji ya chumvi, maana yaliyotoka ni ya chumvi. Mwalimu akaniuliza kwa simu, mama, ukichemsha maji ya chumvi yakakauka, sufuria inabaki na nini? Inabaki na chumvi. Basi chumvi haijaondoka, imebaki ndani, kilichoruka ni maji matupu. Ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, yale ya kunywa. Hapo nilijisikia mjinga na msomi kwa pamoja. Nikaongeza, mapovu yakaisha siku hiyo hiyo.

Likabaki vumbi. Shemeji akasema niweke soksi kwenye bomba maji yanaporudia tangini, soksi nyeupe, safi, isiyochuja rangi. Nyumba nzima soksi nyeupe zilikuwa jozi moja, ambazo mume wangu anavaa msikitini Ijumaa. Nilizisuuza mara saba bila sabuni, nikavalisha moja bombani, nikaifunga kwa mpira wa kufungia bahasha. Kila asubuhi naivua, imejaa tope jeupe, naisuuza, navalisha mwenzake. Siku ya tatu maji yalikuwa yamebadilika. Hayakuwa kama hayapo, hapana. Lakini ukikaa kwenye kiti cha mama ulikuwa unaona mpaka ukuta wa nyuma.

Siku moja kabla hawajarudi shemeji alifika kutoka Dar ampokee mama yake. Akakodoa macho kwenye kioo muda mrefu. Chembe bado zilikuwepo, chache, zinapita. Akaniambia pembeni, ingawa hakukuwa na mtu wa kutusikia, kwamba mama akiuliza tumwambie maji ya bahari ndivyo yalivyo.

"Shemeji," nikamwambia, "tumemwambia mawe hamna miaka miwili."

 Aliinama akasafisha kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Tulijua sote wawili. Hata ukweli ungekuwa upande wetu, hata tukimwambia mama hizi ni chembe za maji siyo jicho lako, angetuamini kwa lipi? Imani yake tulishaiharibu wenyewe, tonge kwa tonge.

Asubuhi ya siku yenyewe umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Shemeji alikuwa ameshakwenda stendi, na maelekezo yalikuwa umeme ukikatika samaki watafutiwe hewa, kwa hiyo nilisimama na kikombe nachota maji ya juu namwaga juu, nachota namwaga, taratibu, huku nasoma kila ninachokijua. Mkono mmoja ukichoka nabadilisha. Niliinama hivyo kwa muda wa saa tatu nzima. Na wakati nachota, sikuona kinachotokea chini yangu, mpaka nilipoinuka kunyoosha mgongo.

Maji yalikuwa hayapo. Rafiki, nakwambia hayapo. Kwa kuwa hakuna mkondo, vumbi lote lilikuwa limelala mchangani, kimya. Mawe yalisimama kama yako hewani. Tumbawe lilikuwa limekunjuka. Na wale samaki wawili, ambao hawajanipa uso tangu siku ya magadi, walikuwa wametoka nje, wanatembea mbele ya kioo kama maharusi. Niliweka kikombe chini nikasujudu pale pale sijda ya kushukuru. Sijawahi kuombea umeme usirudi. Siku hiyo niliomba.

Gari likasimama. Nikatoka, nikampa mama shikamoo, nikambebea mkoba wake. Amevaa miwani myeusi, ameshikwa mkono na mume wangu, na shemeji nyuma na mabegi. Hakutaka chai, hakutaka kukaa. Akauliza liko wapi. Nikamshika mkono mwingine nikamwingiza sebuleni, mpaka mbele ya kioo, na yeye akaanza kuvua miwani.

Umeme ukarudi.

Friji ikaguna. Feni ikaanza. Na pampu ikashtuka kwa nguvu zake zote, ikapuliza ule mchanga, na lile vumbi la wiki mbili na zaidi, la mchanga na magadi na chakula cha shughuli, likainuka lote kwa pamoja mbele ya macho ya mama mkwe. Mkono wangu mmoja una mkoba, wa pili ameushika yeye. Swichi iko mbali. Nikamwona shemeji anafumba macho.

 Nikafungua mdomo. "Mama, ni maji hayo, siyo…"

Akaniachia mkono, akaunyanyua wake, nikanyamaza. Akaziba lile jicho lililopasuliwa kwa kiganja, akaangalia tangi kwa lile bovu. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akahamisha kiganja, akaziba bovu, akaangalia kwa lililopasuliwa. Akarudia tena. La zamani, jipya. La zamani, jipya. Mume wangu alikuwa hapumui.

"Kwa hili," akasema, "ni ukungu. Simwoni hata samaki." Akahamisha kiganja. "Kwa hili siyo ukungu. Ni takataka."

Akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akanyoosha kidole, kile kile cha vijiwe. "Moja ile. Ile pale mbili. Hii kubwa inashuka, tatu." Alihesabu mpaka kumi na kitu, anazifuata moja moja mpaka zinapoingia nyuma ya jiwe. Ukungu hauhesabiki, hilo alikuwa analijua yeye aliyeishi ndani yake, sisi hatukuliwaza. Akageuka, akanitazama usoni, mara ya kwanza baada ya miaka miwili kunitazama mimi hasa na siyo sauti yangu.

"Nani kaweka maji haya bila kuyachagua?"

"Mimi, mama."

"Mzigua."

"Ndiyo, mama."

"Na yule samaki wa kushoto mkia wake umechanika. Mlikuwa mnajua?"

Hatukujua. Tumekaa naye siku zote hizo, na macho yetu mazima, hatukuona.

Hapo akaomba ungo. Nilikuwa nimeshachagua mchele wa mchana, maana kwa zile siku kumi kazi ile niliishika mimi, na nilikuwa najivuna nayo. Akakaa kwenye kiti chake mbele ya samaki, akautawanya, akainua vijiwe vitatu. Alituonyesha kila mmoja wetu kimoja kimoja kwenye ncha ya kidole. Kisha akauliza, polepole, hakuna ukali, "Mlikula mangapi?"

Tulitazama chini. Mume wangu ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa maneno. Alifungua mdomo akamwonyesha lile jino.

Mama aliliangalia kwa muda. Halafu akapandisha macho kwenye nywele zake. "Na mvi umeota," akamwambia, "na hukuniambia." Akacheka mpaka miwani aliyoipandisha kichwani ikamdondoka mapajani, juu ya mchele, na sisi tukacheka kwa sababu tumeruhusiwa. Alipomaliza kujifuta, kwa uangalifu kama alivyoelekezwa, alisema la pili waandikishe mapema, kabla hajala mawe ya Mzigua yakammaliza meno. Na akanigeukia mimi: mtu aliyeacha vijiwe vitatu mchana kweupe, na yeye akapimwe.

La pili lilipasuliwa, na anaona. Mimi nilipimwa pia, siku moja naye, nina miwani ya kusomea. Mume wangu alirudishiwa soksi zake, moja imekuwa ngumu kidogo kwa chokaa, anasema inamkumbusha udhu, imeingia majini mara nyingi kuliko miguu yake. Vumbi lilizidi kupungua lenyewe wiki kwa wiki, kwa soksi na subira na kutowashibisha watu wasio na tumbo. Sasa maji ni kama hayapo, na mama analalamika kwamba kwenye tangi hakuna tena kazi.

Mkekani akisikia "kko", anauliza nani. Tunajibu.

Basi nina ombi moja. Huenda unamjua mtu ambaye mama yake, au bibi yake, anaogopa kupasuliwa jicho, na nyumba nzima wanamwambia mawe hamna. Mpelekee haya maandishi. Asiyesoma msomee, na anayesikia vibaya mpandishie sauti. Na kama kuna mtu wa Handeni ameletewa tangi la samaki wa bahari, tafadhali huyo mpigie simu leo leo, kabla hajaingia jikoni kutafuta magadi.